Tafakuri ya siku ya 17: Neno "loot" na tende za stoo

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo ni 17 Ramadhani, siku ya Badr. Najua wengi mnangoja kisa cha vita chenyewe, na inshaAllah tutakisoma kwa kirefu baada ya alasiri msikitini. Hapa nataka tuzungumze jambo lililokuja baada ya vita, yaani mali. Na nitaanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Juzi baada ya tarawehe nilitokea mlango wa nyuma. Nikakuta vijana wanne wa madrasa wamekaa kwenye ngazi, vichwa vyote vimeinamia simu moja. Walikuwa wanacheza ule mchezo wa kupigana risasi. Mmoja akawa anampigia kelele mwenzake: "Luti! Luti haraka, wanakuja!"

Nikauliza, "Luti ndiyo nini, mwanangu?"

Akashtuka, simu ikaingia chini ya kanzu. "Shikamoo Ustadh. Ni kuokota tu vitu. Ukishamuua mtu anaacha vitu vyake, wewe unaviokota."

"Kuokota. Kama unavyookota embe chini ya mti?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikawaambia waende nyumbani kabla mama zao hawajaanza kupiga simu. Lakini lile jibu lilinikaa. Mtoto ana akili, anahifadhi juzuu nne, ila kumvua maiti vitu vyake amekuita kuokota. Hakudanganya. Ndivyo alivyolipokea neno.

Sasa neno hilo nalijua kidogo, maana stashahada yangu ya ualimu niliichukua kwa Kiingereza na Historia. Wacha niwaeleze asili yake, kwa sababu ndani yake kuna darsa la kutosha mwezi mzima.

*Neno lilikotoka*

Waingereza hawakuwa na shida ya maneno ya wizi. Wanayo mengi ya zamani. Mojawapo ni "rob", kunyang'anya. Wataalamu wa lugha wanasema neno hilo lina undugu na "robe", yaani joho. Hapo kale, kitu cha kwanza alichonyang'anywa mtu ni nguo aliyovaa, ikawa nguo na unyang'anyi vina jina la asili moja. Kwa hiyo ukilichimba neno lile la zamani, unamkuta mtu ndani yake, amesimama uchi, nguo yake imechukuliwa.

"Loot" siyo neno lao. Ni la Kihindi, "lut", lenye mzizi katika Kisanskriti, na maana yake ni kupora. Sisi pwani tulipokea kutoka Bara Hindi gari, laki, chapati na bangili. Waingereza nao walipokea maneno mengi, na hili likiwamo.

Walilipokeaje? Mwaka 1600 malkia wao aliwapa wafanyabiashara wa London hati ya kuunda Kampuni ya India Mashariki. Walikwenda kununua viungo na vitambaa. Mwaka 1757, pale Plassey katika Bengal, jeshi la kampuni hiyo likiongozwa na Robert Clive lilimshinda Nawab Siraj ud-Daulah. Akawekwa mtawala mwingine, Mir Jafar, aliyekuwa amekwisha kupatana nao kwa siri. Baada ya hapo hazina ya Bengal ikafunguliwa. Clive peke yake alipata pauni 234,000, pesa nyingi mno kwa zama zile. Mwaka 1765 kampuni ikapata haki ya kukusanya kodi ya Bengal, Bihar na Orissa. Miaka michache baadaye mvua zikakosekana, njaa kubwa ya 1770 ikaua watu wengi sana, na kodi ikaendelea kukusanywa.

Wenyeji wa kule walikuwa na neno la kuyaita mambo kama hayo. Walikuwa nalo kabla Mwingereza hajafika, maana walikwisha kuporwa na wengine. Na hapa lazima tuwe waadilifu: mwaka 1739 Nadir Shah kutoka Iran aliiingia Delhi, watu wengi wakauawa, akaondoka na Kiti cha Tausi na almasi ya Koh-i-Noor. Huyo alikuwa Mwislamu, na mfalme aliyemnyang'anya alikuwa Mwislamu. Kwa hiyo asije mtu akasema leo Ustadh anawasema wazungu. Tunasema juu ya nafsi, na nafsi haina pasipoti.

Basi askari na makarani wa kampuni wakalisikia neno vinywani mwa walioporwa, wakalichukua nalo. Mwishoni mwa karne ya 18 likaanza kuandikwa katika vitabu vya Kiingereza. Katikati ya karne ya 19, kupitia vita vya China, vita vya Crimea na maasi ya India ya 1857, likaenea hadi Uingereza kwenyewe.

Na lilipofika huko lilikuwa limebadilika. Kwa mkulima wa Bengal, "lut" lilikuwa ni kilio. Kwa askari aliyerudi na mfuko umejaa, lilikuwa neno la bashasha, la kijiweni. Oktoba 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora kasri la mfalme wa China karibu na Beijing, kisha Waingereza wakalichoma moto. Katika vitu vilivyotoka kule palikuwa na kijibwa kidogo. Kapteni mmoja akampelekea Malkia Victoria kama zawadi. Mnajua kilipewa jina gani? Looty. Yaani "Kiporwa". Kasri limechomwa, na jina la kitendo limekuwa jina la kubembelezea mbwa.

Leo, Kiingereza cha mitaani, "loot" ni pesa tu. Na kabla hatujawacheka, sisi tunasemaje? "Mwanangu, ngawira ipo?" Ngawira ni mali ya kuporwa vitani. Nasi tumeifanya jina la mshahara.

*Anachokifanya mtu anapochukua*

Ndugu zangu, mtu hachukui kitu cha mwenzake akiwa anajiita mwizi. Nimefundisha miaka kumi na nane na nimekaa kwenye suluhu nyingi za mirathi na ndoa, sijawahi kumsikia mtu akisema, "Ndiyo, niliiba." Kila mmoja ana neno lake. Neno ndilo linaloingia kwanza, mkono unafuata.

Clive hakusema ameiba. Alisema zile ni zawadi za Mir Jafar. Bunge lao lilipomhoji, alijitetea kwamba akikumbuka mali iliyokuwa mbele yake siku ile, anashangaa alivyojizuia. Na mwaka 1773 Bunge likaishia kutambua kwamba ameitumikia nchi yake vizuri.

Hii hoja ya zawadi, Mtume wetu (s.a.w.) aliishughulikia zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Clive. Mtu wa kabila la Azd alitumwa kukusanya zaka. Akarudi, akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama hizo zawadi zingemfuata. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Angalieni swali lilivyo jepesi. Hakuhitaji mashahidi wala hesabu. Ondoa cheo, ondoa ufunguo, ondoa mhuri, kisha uliza: je, kitu hiki kingenijia?

Sasa turudi Badr. Jana yule kijana wa "luti" alinifuata baada ya alasiri, peke yake. Akasema, "Ustadh, nilikuwa nafikiri. Ghanima ya Badr nayo si luti?"

Nilimwambia akae. Swali kama hilo ukimfokea mtoto, anaondoka nalo likiwa halijajibiwa, na kuna atakayemjibia huko nje.

Nikamwambia kwanza, waliotoka Makkah walikuwa wamefukuzwa majumbani mwao na kuacha mali zao. Hawakwenda ng'ambo kutafuta ya watu. Lakini hata hivyo, ona kilichotokea. Vita vilipokwisha, Maswahaba wenyewe walibishana juu ya mali. Waliokusanya wakasema ni yetu. Waliomfukuza adui wakasema bila sisi msingekusanya kitu. Waliobaki kumlinda Mtume wakasema na sisi je? Ubada bin Samit (r.a.), aliyekuwapo, alikiri baadaye kwamba walikosa tabia njema siku ile, Allah akayaondoa mambo mikononi mwao. Suratul Anfal ikashuka, na mwanzo wake tu unasema mali hiyo ni ya Allah na Mtume. Yaani hata hicho ulichokiokota kwa mkono wako, umetoka jasho na damu, si chako mpaka kiwekwe hadharani na ugawiwe. Na ndani yake kuna fungu la yatima, maskini na msafiri, ambao hawakushika upanga.

Kijana akasema, "Kwa hiyo ikigawiwa vizuri, basi ni halali?"

Nikamwambia hapana, hapo usikimbie. Jeshi la Waingereza nalo lilikuwa na kamati za kugawa. Alipouawa Tipu Sultan kule Srirangapatna mwaka 1799, mji uliporwa usiku ule, na baadaye maofisa wakakaa kugawa hazina kwa vyeo. Mgao mzuri hausafishi kitu kilichoingia kwa dhulma. Ndiyo maana katika Suratun Nisaa, aya ya 94, Allah anawaonya waumini wenyewe wasimwambie anayewatolea salamu kwamba si muumini, kwa tamaa ya mali yake. Onyo hilo waliambiwa Maswahaba! Basi maswali ni mawili: kimeingiaje mikononi mwangu, na nikakiita nini.

*Neno zito*

Sasa tazameni sharia ilivyofanya kinyume cha yale mazungumzo ya askari. Kuchukua kwa siri katika mali ya wote kabla haijagawiwa, Uislamu haukukupa jina la utani. Umekuita *ghuluul*. Katika Kiarabu ni kukichomeka kitu kwa siri katikati ya vitu vyako. Na herufi hizohizo zinatoa neno *ghull*, pingu inayofunga mikono shingoni. Ukilitamka tu, shingo inahisi uzito.

Katika Aali Imran, aya ya 161, Allah anatuambia kwamba mwenye kufanya ghuluul atakuja Siku ya Kiyama na kile alichokichukua. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba aya hiyo ilishuka kwa ajili ya shuka nyekundu iliyopotea siku ya Badr. Shuka moja tu.

Na baada ya Khaybar, mtumwa mmoja aitwaye Mid'am alikuwa anateremsha mizigo ya Mtume (s.a.w.) kutoka kwenye ngamia, mshale usiojulikana ulikotoka ukampiga, akafa. Watu wakasema hongera kwake, amepata pepo. Mtume akawaambia sivyo: ile shuka aliyoichukua siku ya Khaybar kabla ya mgao inamuwakia moto. Waliposikia, mtu mmoja akaja mbio na ukanda wa kiatu, au mikanda miwili. Akaambiwa na huo ungekuwa ukanda wa moto.

Mimi kisa hiki nilikisoma nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nimekifundisha sijui mara ngapi. Na bado hakikunizuia. Hapa ndipo ninapotaka kuwaambia jambo langu.

*Tende*

Ramadhani ya mwaka juzi ufunguo wa stoo ya futari nilikuwa nao mimi. Wafadhili walileta mchele, mafuta na maboksi ya tende kwa ajili ya mayatima, wajane na wasiojiweza wa mtaa. Kazi ilikuwa nyingi. Mwezi ishirini, usiku, nimechoka, nikabeba maboksi mawili ya tende na dumu moja la mafuta, nikaenda nayo nyumbani.

Mama watoto akauliza, "Hivi vya nani?"

Nikasema, "Vimebaki."

Akaniangalia. "Vimebaki vipi, na leo mwezi ishirini?"

Nikakasirika. Nikamwambia ninayebeba ni mimi, ninayegawa mpaka saa sita usiku ni mimi, na hakuna anayenilipa. Maneno yote hayo yalikuwa kweli. Hakuna hata moja lililojibu swali lake.

Mwezi ishirini na sita akaja bibi mmoja na wajukuu wawili. Jina lake halikuwa kwenye orodha, alikuwa amehamia karibuni. Nikaingia stoo, nikatoka, nikamwambia, "Bibi, samahani, vimekwisha." Akasema, "Alhamdulillah, sheikh wangu, Mungu atatoa kwingine." Akawashika wajukuu mkono, akaondoka. Nilipofika nyumbani magharibi, tende zilikuwa mezani.

Siku ya pili nilinunua kwa pesa yangu vitu kama vile, nikampelekea. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati nikamweleza. Kuanzia hapo stoo ina kufuli mbili na watu wawili, na kila kinachotoka kinaandikwa kwenye daftari. Mkishangaa kwa nini kuchukua kilo mbili za mchele siku hizi kuna saini, sababu ni mimi.

Najua dini yetu haitaki mtu atangaze dhambi zake, na mimi sipendi kulisema hili. Nimeomba ushauri kwa kamati kabla ya kuandika. Nimeona ile mali ilikuwa amana yenu, na mwenye mali ana haki ya kujua. Pia nimeona mkinisikia nikisema Clive na Nadir Shah tu, mtalala salama, mkidhani uporaji ni wa watu wenye majeshi. Mimi jeshi langu lilikuwa ufunguo mmoja. Neno langu lilikuwa "vimebaki".

Kila mmoja wetu analo. Fundi cherehani ana "vipande tu hivi", na kitambaa ni cha mteja. Konda ana "sina chenji". Mwalimu mwenzangu ana "karatasi za ofisi si zipo nyingi". Mweka hazina wa kikoba ana "nimeazima, nitarudisha mwisho wa mwezi". Ofisini wanasema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, kana kwamba kamba ile alijifunga mbuzi mwenyewe na majani ni yake. Mjini wanaita "kupiga", na mpigaji tunamwita mjanja. Na lile ninalolikuta mara nyingi zaidi kwenye mirathi: ami anakusanya kodi ya nyumba ya mayatima wa ndugu yake mwaka wa saba sasa, na neno lake ni "nawahifadhia". Allah katika Suratun Nisaa amesema wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Yeye anasema anahifadhi.

*Kazi ya leo*

Funga yetu ni kuacha hata kilicho halali, maji ya chungu chetu wenyewe, tangu alfajiri hadi magharibi. Itakuwaje tufuturu kwa kisichokuwa chetu?

Leo kabla ya futari, angalia ndani ya nyumba yako, au ndani ya simu kwenye salio, utafute kitu kimoja tu ambacho umekipa jina laini. Kitaje kwa jina ambalo mwenyewe angekitaja. Usitumie neno la aliyechukua, tumia la aliyechukuliwa. Kisha kirudishe. Kama mwenyewe amefariki, warithi wapo. Kama humjui kabisa na huna njia ya kumpata, masheikh wamesema toa sadaka kwa niaba yake. Toba ya haki ya mja haitimii kwa istighfari peke yake, kitu lazima kirudi au mwenyewe asamehe. Anayeona haya kurudisha ana kwa ana, aje kwangu au kwa mzee yeyote wa kamati, tutamfikishia bila kutaja jina. Hatutauliza maswali.

Jana usiku wale vijana walikuwa tena kwenye ngazi. Nikawaambia, chezeni dakika kumi, lakini kwa sharti moja, mseme Kiswahili. Mmoja akaanza: "Pora! Mpore haraka!" Wenzake wakacheka, naye akanyamaza. Akasema, "Ustadh, hivyo inasikika vibaya."

Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Inasikika kama ilivyo.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako mbali na haramu yako. Safisha vyakula vyetu, na ndimi zetu zisiyapambe tunayoyafanya. Wasamehe waliotangulia mbele ya haki wakiwa na deni la watu, na utupe sisi muda wa kulipa kabla ya siku ambayo kila mtu atakuja na alichobeba. Amin.

Darsa la Badr ni baada ya alasiri, na kina mama nafasi yao ipo upande wa juu kama kawaida. Kesho inshaAllah siku ya 18.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.